Mwalimu wa Ukerewe na Maradhi ya Nafsi

Mchimbaji akivunjika mguu katika machimbo ya Bugarama, wenzake humbeba mpaka zahanati, wala hapana amwulizaye kwa nini analia. Lakini mchimbaji yule yule akitoka katika shimo ambamo rafiki yake amefukiwa na kifusi, akawa halali usiku, hasemi na mkewe, wala chakula hakimpiti kooni, watu hukosa neno la kumpa. Mmoja atasema amerogwa. Mwingine atasema ni pombe. Wa tatu atamcheka. Na katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hata Geita, neno hilo la kurogwa si la mchezo, kwa maana limekwisha gharimu maisha ya vikongwe wengi waliohukumiwa kwa wekundu wa macho yao tu, wekundu utokanao na moshi wa jiko. Hofu ikikosa jina hutafuta mtu wa kuibeba.

Ng'ambo wako matabibu wa nafsi, ambao kazi yao ni kumketisha mgonjwa na kumsikiliza hata aseme lililomkaa moyoni. Mmoja wao, Irvin Yalom, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika na riwaya pia. Ile ya mwaka 1992 yamchukua mwanafalsafa Nietzsche na kumweka mbele ya daktari ili azungumze. Kwetu matabibu wa namna hiyo ni haba. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, lakini vinywani mwa watu jina lake limekuwa dhihaka kuliko kimbilio. Kazi ya kuitaja nafsi iliyougua, kwa Kiswahili safi, imefanywa zaidi na mtu ambaye hakuwa tabibu hata kidogo. Huyo ni mwalimu Euphrase Kezilahabi.

Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma katika Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipopata shahada yake mwaka 1970 alikwenda kufundisha shule za sekondari, na baadaye akarudi Chuo Kikuu, ambako mwaka 1976 alimaliza shahada ya pili kwa kuzichambua kazi za Shaaban Robert. Shahada ya udaktari aliipata Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Hayo ni ya vyeti. La maana zaidi ni kwamba mtu huyu alianza kuandika akiwa angali kijana, naye alikuwa karibu na vijana wa shule katika miaka ambayo wazazi wao walikuwa wameacha kuwaelewa.

Kitabu chake cha kwanza, Rosa Mistika, kilitoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo. Baba yake, Zakaria, yeye mwenyewe mlevi, humpiga kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana, na hampi nafasi ya kusema neno. Binti anapofika shule ya bweni hana habari ya dunia, wala hana mtu wa kumwuliza. Anaanguka, anaanguka tena, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, ati kitawaharibu wanafunzi. Miaka baadaye kikaruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vya kusomeshwa. Mimi naona wale waliokikataza walihesabu kurasa za mapenzi wakaruka kurasa za Zakaria. Mwandishi hakumsifu Rosa kwa mwenendo wake. Aliuliza ni nani aliyemfunga kinywa tangu utotoni.

Katika Kichwamaji, mwaka 1974, anakwenda mbali zaidi. Kazimoto ni kijana wa Chuo Kikuu ambaye elimu imemtenga na wazazi wake, naye si mtu wa kijijini tena wala mjini hajapata makao ya moyo. Haoni aishi kwa ajili ya nini. Kumbukeni kwamba Azimio la Arusha lilikuwa na miaka saba tu, na nyimbo zote zilikuwa za kujenga taifa. Wahakiki walimlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa, wakauliza kitabu cha huzuni ya mtu mmoja kina faida gani kwa umma. Swali lilikuwa la haki. Lakini umma hufanywa na watu mmoja mmoja, na mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini na moyo uliokufa hawezi kuponywa kwa kuambiwa ashangilie.

Hata hivyo tusimvike mwalimu huyu joho lisilo lake. Kazimoto alisoma vitabu vingi, navyo havikumwokoa; yeye pia alijiua. Riwaya huonyesha kidonda, haikifungi. Mchimbaji wa Bulyanhulu asiyelala usiku anahitaji mtu wa kumsikiliza, na ikiwa hali inazidi anahitaji daktari, kama vile wa Bugando, Mwanza. Na viongozi wa wafanyakazi wanaodai kofia ngumu na viatu vya machimboni wanayo haki ya kudai na hilo.

Baadaye Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba lakini vigumu, ambavyo wachambuzi wengi wameona ndani yake kivuli cha yule yule Nietzsche. Alifundisha Botswana miaka mingi, akafariki Januari 2020. Msomaji mwenye nafasi chache asianze na hivyo viwili. Na aanze na Rosa Mistika, akimaliza ampe binti yake, kisha wazungumze habari za Zakaria.