Usingoje kuumia ndipo udai njia salama
Ukitoka Kawangware alfajiri kwenda kazini Kilimani kwa miguu, unausaidia moyo wako. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kila wiki, na kutembea kwa haraka ni mojawapo. Lakini faida hiyo yapungua iwapo bodaboda wameteka njia, mtaro hauna kifuniko, na moshi wa matatu wakuingia mapafuni. Isitoshe, waenda kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa katika barabara za Kenya.

Je, msomaji, ufanye nini? Kumbuka mwaka wa 1989. Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Aliandika barua nyingi, kisha akaenda mahakamani. Kesi ilitupwa kwa kuwa hakuonyesha alivyodhurika yeye binafsi. Hata hivyo hakunyamaza, wafadhili wakajitoa, na bustani ipo hadi leo.

Sasa sheria iko upande wako. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 chakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 chakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia.

Anza na hatua ndogo. Andika mahali, tarehe na hatari uliyoiona. Piga picha. Kusanya sahihi za majirani, upeleke kwa mwakilishi wa wadi na afisi ya kaunti, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Usingoje mpaka mtoto atumbukie mtaroni.