Motorola za dijitali: sauti inapita wapi?



Kuna swali linalorudia katika koperative nyingi: tununue motorola? Wauzaji wanasemaka zile mpya, za dijitali, zinaweza kuongea kutoka Masisi mpaka Ulaya bila kulipa unite. Si uongo kabisa. Lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu ingine ndiyo inaweza kula pesa za koperative. Ili tuelewe, tuangalie watu ambao wamezoea mashine hizo kupita wengine wote: wapenda-redio.

Hao ni watu wa kila kazi, mwalimu, fundi, daktari, mkulima, wanaojifunza redio kwa kupenda tu. Wanapita mtihani, serikali inawapa ruhusa na jina la hewani. Hapa kwetu Kongo jina hilo linaanzaka na 9Q. Wazee wanaokumbuka foni za misioni na za wafanyabiashara, mbele telefone hazijafika, wanaelewa tayari kazi hiyo ni ya namna gani. Ila mpenda-redio hana haki ya kufanya biashara hewani. Tutarudia jambo hilo.

Motorola ya mkono iko na nguvu kidogo, mara nyingi wati 5. Mawimbi yake yanakwenda karibu kama mwanga wa toroshi: mlima ukisimama mbele, yanaishia pale. Kwa hiyo wanapandisha mashine juu ya kilima, inaitwa repeteri. Inasikia sauti dhaifu kutoka bondeni kwenye frekanse moja, na saa ileile inaitoa kwa nguvu kwenye frekanse ingine. Inahitaji frekanse mbili juu kama ingesikia na kusema kwa moja tu, kinywa chake kingeziba masikio yake yenyewe.

Zamani sauti ilipanda hewani vile ilivyo. Katika dijitali inageuzwa kwanza kuwa hesabu, sifuri na moja. Wajapani ndio walifungulia wapenda-redio njia hiyo: chama chao, JARL, kilitengeneza namna inayoitwa D-STAR, ikatangazwa mwaka 2001. Kisha ikakuja DMR, ambayo Ulaya waliipanga kwa watu wa kazi, kama walinzi na wenye magari, na wapenda-redio wakaichukua pia. DMR inakata muda vipande vya milisekunde 30: kipande kimoja cha mazungumzo haya, kinachofuata cha mazungumzo yale. Ni kama bamama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka, hawagongani. Repeteri moja inabeba mazungumzo mawili pamoja.

Halafu wakafunga repeteri zao kwenye intaneti. Hapo ndipo neno la "mpaka Ulaya" linatokea. Mtu wa Ujerumani anabonyeza motorola yake, sauti inapanda kilima cha karibu, inashuka kwa intaneti, inatokea kwenye repeteri ya Japani. Hewani sauti ilipita kilometa chache tu. Njia ingine yote ni intaneti ileile ya telefone zetu. Sasa ujiulize: siku intaneti imekufa, ile motorola inafika wapi? Inafika pale kilima chako kinapoona, basi.

Wapenda-redio waliona hayo kwa macho. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico. Umeme ulikatika kisiwa kizima, na zaidi ya minara 9 ya telefone kati ya 10 ikanyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba msaada kwa chama cha wapenda-redio wa kule, ARRL, na watu 22 wakaenda kujitolea. Mashine walizobeba zilikuwa za mawimbi mafupi, zinazofanana na foni yetu ya zamani, zenye kuvuka bahari bila intaneti wala mnara. Kazi yao moja ilikuwa kupeleka habari za watu waliopona. Foni haikuwa ya kutupwa, kumbe.

Sisi pia tuko na kumbukumbu zetu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, umeme ulikatika sehemu nyingi za Goma.

Kuna jambo lingine wauzaji hawasemaki. Motorola ya zamani, ukienda mbali, inaanza kukwaruza, lakini neno "kimbia" bado unalisikia katikati ya makelele. Ya dijitali iko safi, safi, safi, halafu inakatika mara moja kama mtu aliyeanguka shimoni. Ni juu sauti imebanwa sana: D-STAR inaipa sauti biti 2.400 tu kwa sekunde, wakati laini ya telefone ya dijitali ya mezani inaipa 64.000. Hesabu zikipotea kupita kiasi, mashine haina cha kujenga tena. Na mashine ya D-STAR haisikilizani na ya DMR, ni lugha mbili. Ukinunua 3 za leo na 4 za mwaka ujao, angalia ziwe za lugha moja, na ziwe na uwezo wa kurudi kwenye sauti ya zamani. Mbele ya kulipa, mtu mmoja aende na motorola mpaka shamba la mwisho kabisa, mwingine abaki depo, waongee. Muzaji akikataa, mumuage.

Zingine zinafanana na motorola lakini ndani kuna kadi ya SIM. Hizo ni telefone zilizovaa nguo ya motorola. Mnara ukikufa, nazo zinakufa.

Tuseme mmepata repeteri. Karatasi yake inasema, kwa mfano, ampere 4 ikitoa sauti na nusu ampere ikisikiliza. Masaa 3 ya kusema ni 12, masaa 21 ya kusikiliza ni 10,5. Jumla 22,5 kwa siku. Batri ya ampere-saa 100, kama hamtaki kuikausha chini ya nusu, inatoa 50: siku mbili na kidogo bila jua. Katika majira ya mvua kule kwetu milimani, siku mbili za mawingu si kitu cha kushangaza. Kwa hiyo batri mbili, ama kuongea kidogo.

Sasa sheria. Bei ya kahawa, kilo za mihogo, gari linakuja saa ngapi, hiyo ni biashara: frekanse za wapenda-redio hazikubali. Koperative inapaswa kuomba frekanse yake kwa ARPTC, na kulipa. Na katika maeneo yetu ya vita, mtu anayeshikwa na motorola bila karatasi anaweza kuitwa mpelelezi. Hilo si la kuchezea. Ruhusa iwe na kopi kwa kila anayebeba mashine, na chifu, polisi na jeshi la pale wajulishwe mbele, si nyuma. Tena dijitali si siri: mwenye mashine ya namna moja anaweza kusikia. "Pesa ya kampanye inatoka leo na Papa fulani" ni maneno ambayo hayapandi hewani hata siku moja.

Desturi moja ya wapenda-redio haina bei. Wanapanga saa ya kuitana. Mmoja anaita majina kwa zamu, kila mtu anajibu kwa kifupi, asiyejibu anaandikwa kwenye kayee. Saa 12 ya asubuhi na saa 12 ya jioni inatosha kwa koperative. Mpange pia kanali ya pili, ya moja kwa moja, isiyopita kwenye repeteri. Siku repeteri imenyamaza, wote wanahamia kule saa ileile, na memba anayekaa kilima cha kati anasikia maneno ya bonde hili na kuyarudilia kwa kinywa chake upande wa pili.