LENZI YA PEMBE PANA NA KUMBUKUMBU ZA MAJENGO YA KALE

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib, lililojengwa mjini Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likisha kuanguka, nguzo na nakshi zake hazipimiki tena. Mafundi hulazimika kutegemea michoro na picha zilizopatikana kabla ya hapo. Kwa hiyo kupiga picha ya jengo la kale si anasa. Ni kazi ya kuweka kumbukumbu, na chombo chake mara nyingi ni lenzi ya pembe pana.

Pembe pana ni nini?

Miale ya mwanga itokayo mbali hupita katika lenzi na kukutana nyuma yake. Umbali kutoka katikati ya lenzi hadi mahali hapo huitwa umbali wa fokasi. Katika kamera ambayo picha yake ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 huhesabiwa kuwa ya kawaida, nayo huona pembe ya nyuzi 47 hivi, kona hadi kona. Lenzi ya milimita 28 huona nyuzi 75. Kadiri umbali wa fokasi unavyopungua, ndivyo pembe inavyopanuka.

Tuchukue mfano. Mpiga picha amesimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe, mita 2.5 mbele ya mlango wa nakshi wenye kimo cha mita 3. Nyuma yake ni ukuta. Kamera ikisimamishwa wima, lenzi ya milimita 50 itachukua kimo cha mita 1.8 tu, yaani 36 kugawanya kwa 50, mara 2.5. Lenzi ya milimita 28 itachukua mita 3.2, na mlango wote utaingia.

Kuchagua lenzi

Lenzi yenye umbali mmoja wa fokasi kwa kawaida huwa na vioo vichache kuliko ile ya kuvuta picha, tena aghalabu huwa nyepesi na yenye tundu kubwa zaidi. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 28 yenye tundu la milimita 14 ni ya namba 2. Yenye tundu la milimita 10 ni ya namba 2.8. Ile ya kwanza hupitisha mwanga mara mbili ya ya pili. Hata hivyo, atumiaye stendi ya miguu mitatu hana sababu ya kulipia tundu kubwa, kwani jengo halikimbii.

Kabla ya kununua, piga picha ya ukuta wa vigae uone kama mistari inapinda kando. Katika lenzi iliyokwisha kutumika, angalia ukungu ndani ya vioo, hasa katika pwani yetu yenye unyevu. Aidha, kumbuka kwamba kamera ya milimita 16 kwa 24 hupunguza pembe: humo lenzi ya milimita 28 huona kama ya milimita 42.

Kuitumia

Kosa la kawaida ni kuinua kamera juu ili kilele kiingie. Hapo kuta huonekana kana kwamba zinaanguka nyuma. Dawa yake ni kuiweka kamera sawasawa, karibu na nusu ya kimo cha kitu kinachopigwa. Lenzi ya milimita 28 ikiwekwa kwenye namba 8 na kulengwa umbali wa mita 3.3, vitu vyote kuanzia mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho vitaonekana vizuri. Usimweke mtu pembeni mwa picha, maana sura yake itatanuka. Bali weka kando ya mlango ufito uliotiwa alama za sentimita, kisha andika tarehe na mahali.

Picha ya namna hiyo huenda isipambe ukuta wa sebule. Lakini siku seremala atakapotakiwa kuuchonga upya mlango ule, ndiyo atakayoitafuta.