Fahamu: Kidonda cha mdomoni kinachokukosesha urojo

Bakuli la urojo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, lina embe mbichi, ndimu na pilipili. Mwenye kidonda mdomoni, kijiko cha kwanza tu machozi yanamtoka. Mfunue mdomo wa chini utakiona: kitone cheupe au cha manjano kilichozungukwa na wekundu, kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kidonda hiki hakiambukizi, tofauti na malengelenge ya virusi yanayotoka kwenye midomo kwa nje. Huanza mtu akijing'ata, mswaki ukimchubua, au akiwa na mawazo mengi. Upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au foleti nao huchangia, kwa hiyo anayekipata kila mara apimwe damu.

Nyumbani, anza na chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue kisha uteme, mara 3 au 4 kwa siku. Karafuu tunayo, na kemikali ya yujenoli iliyomo hutia ganzi kweli, lakini mafuta yake usiyapake matupu. Yanaunguza ngozi laini ya mdomo. Na ndimu, tafadhali, usimkamulie mtoto eti kukausha kidonda. Unamtesa bure.

Vidonda vingi vya aina hii hupona ndani ya wiki 1 hadi 2. Kikipita wiki 3, hasa kwa anayetafuna tambuu yenye popoo na tumbaku, nenda hospitali hata kama hakiumi. Saratani ya mdomo huweza kuanza kimya hivyo.