Hesabu Nauli Tangu Mlangoni

Muulize mkazi wa Dar es Salaam anatumia kiasi gani kwenda kazini, atakutajia nauli ya basi. Buku la bodaboda alilolipa asubuhi ili afike kituoni hatalitaja, wala lile la jioni. Mwezi ukiisha, mabuku hayo yamemla kuliko basi lenyewe.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayeishi Kimara, kilomita 2 ndani kutoka Barabara ya Morogoro, na ofisi yake ipo Posta, kiasi cha kilomita 16 kwa basi. Anakwenda kazini siku 22 kwa mwezi. Nauli hubadilika, hivyo weka viwango vya leo vya njia yako. Namna ya kupiga hesabu ni ileile.

Mwendokasi
Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwa shilingi 650 njia kuu. Tukiweka 750, kwenda na kurudi ni 1,500, na mwezi ni 33,000. Kwa njia hii hakuna chombo kingine kinachoikaribia bei hiyo, tena basi lina barabara yake, halikai kwenye foleni ya magari. Taabu zake zinajulikana: kusubiri kituoni, kubanana asubuhi na jioni, na bonde la Jangwani njiani kujaa maji wakati wa mvua kubwa hadi mabasi yasipite. Sasa ongeza bodaboda ya 1,000 kila upande. Ile 33,000 imekuwa 77,000.

Daladala
Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Kama gari moja linakutoa karibu na kwako hadi mlango wa kazini, usihangaike kutafuta usafiri mwingine. Gharama huanza pale unapolazimika kuunganisha. Magari mawili ya 600 kila upande ni 2,400 kwa siku, yaani 52,800 kwa mwezi. Halafu kuna kugeuza: jioni unapanda gari likiwa bado linakwenda mwisho wa njia, upande usioutaka, ili upate siti, na konda anakudai nauli mara mbili. Ukigeuza kila jioni kwa 600, mwezi unafika 66,000.

Bodaboda moja kwa moja
Mkipatana 5,000 kila upande, mwezi ni 220,000. Utawahi, lakini mwili wako hauna kinga ila kofia ngumu. Iache kwa siku ya dharura.

Gari binafsi
Kilomita 36 kwa siku, lita 1 kwa kila kilomita 10 za foleni, petroli tuihesabu 3,000 kwa lita: 10,800 kwa siku, 237,600 kwa mwezi. Maegesho, oili, matairi na bima bado. Lakini majirani wanne wakichangia mafuta, kila mmoja anatoa 59,400, pungufu ya anayepanda mwendokasi na bodaboda. Kiti kitupu ndicho kinacholifanya gari liwe ghali kiasi hicho.

Kilomita 2 zenye bei kubwa
Tazama tena 33,000 na 77,000. Tofauti ni 44,000, na yote imetoka kwenye zile kilomita 2 za mtaani. Kilomita 16 za basi ni rahisi kuliko kilomita 2 za kulifikia.

Ndiyo maana upanuzi wa mwendokasi usipimwe kwa urefu wa barabara za zege peke yake. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi ya awamu ya kwanza. Awamu zilizofuata zimeelekezwa Mbagala, Gongo la Mboto na Barabara ya Bagamoyo, na ni jambo jema. Basi la mita 18 huchukua watu wapatao 150. Watu haohao wakienda kila mmoja na gari lake, wanapanga foleni ya karibu kilomita 1, na moshi wake tunauvuta sote. Lakini mtu hataliacha gari nyumbani kama basi mlishi, lile la kumpeleka kituo kikuu, halifiki mtaani kwake, au kama njia ya miguu ina mitaro wazi na giza. Wapangaji wa jiji waanzie hapo.

Uamuzi
Kama unaweza kutembea hadi kituoni, panda mwendokasi. Ukikaa mbali, tembea asubuhi kungali na ubaridi na uchukue bodaboda jioni tu: mwezi utakuwa 55,000, umeokoa 22,000. Daladala ichague pale ambapo huunganishi. Mwenye gari, jaza viti.

Na wewe unayetafuta chumba, uliza kituo kiko umbali gani kabla hujauliza kodi. Chumba cha ndani ndani kinachokupunguzia 30,000 kwa mwezi, huku bodaboda ikikuongezea 44,000, kimekugharimu 14,000 zaidi.