Sukari Ikishuka, Ubongo Hausubiri Gari

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya nishati yake yote. Chakula chake kikuu ni sukari ya damu, na akiba yake ni ndogo mno. Ndiyo maana sukari ikishuka mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganya maneno, hugeuka mkali bila sababu, kisha hushikwa na degedege au huzirai.

Kaunti ya Garissa ina takriban kilomita za mraba 44,000. Kutoka Hulugho au Liboi hadi hospitali ya rufaa mjini ni mwendo wa saa nyingi, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Kwa hiyo matibabu ya kwanza ni ya jamaa walio karibu.

Walio hatarini zaidi ni wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, hasa wakikosa mlo. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga akipima akakuta sukari iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Wengine ni watoto wenye malaria kali au utapiamlo, ambao ukame huuzidisha.

Mgonjwa anayeweza kumeza apewe soda, juisi au chai yenye sukari nyingi. Aliyezirai asimiminiwe kitu kinywani, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mpakeni sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu, huku gari likitafutwa. Wanaodhani ni jini wasome dua, na sukari ipakwe wakati huohuo.

Katika kituo cha afya mgonjwa hutiwa glukosi mshipani, na wengi huzinduka baada ya dakika chache. Aliyemeza glibenklamaidi asiruhusiwe kurudi nyumbani haraka: dawa hiyo hudumu mwilini, na sukari inaweza kushuka tena. Ikipita nusu saa sukari ikiwa sawa na mgonjwa bado hajazinduka, daktari hutafuta sababu nyingine, kama homa ya uti wa mgongo au kiharusi, au huhofia kwamba ubongo umeumia.

Kadiri ubongo ulivyokaa muda mrefu bila sukari, ndivyo madhara yanavyokuwa makubwa. Sehemu za kumbukumbu na fikra huumia mapema, ilhali shina la ubongo, linaloendesha pumzi, mara nyingi husalimika. Hivyo mgonjwa huweza kufumbua macho na kupumua vizuri bila kumtambua hata mama yake. Kufumbua macho si kupona, lakini pia si mwisho wa safari. Nafuu huweza kuja kwa wiki na miezi, ingawa si kwa kila mtu.

Jamaa wana kazi kubwa hapo: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kunyoosha viungo vyake, kumlisha akiwa ameketi, na kumrudia majina ya watu na mahali. Swala tano zinaweza kuwa ratiba ya siku kwa aliyepoteza hesabu ya wakati. Mwombeni daktari awaunganishe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kila nyumba yenye insulini iweke sukari mahali ambapo hata mtoto anapajua. Na mgonjwa yeyote aliyezirai akifikishwa kituoni, ulizeni kabla ya yote: sukari yake imepimwa?