Kitambaa kifuliwe kabla ya kushonwa?

Vikundi vya akina mama wanaoshona mablanketi ya viraka katika wilaya za Mbulu na Hanang hutuuliza swali hili, hasa wakati wa kiangazi, maji yanapofuatwa mbali kwa punda. Jibu letu ni hili: pimeni kwanza.

Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5. Tetroni hairudi sana. Vikishonwa pamoja bila kufuliwa, blanketi hujikunja. Kitenge chekundu nacho huweza kuchuja na kuharibu viraka vyeupe. Tuliwahi kurudishiwa blanketi la namna hiyo, na mnunuzi hakuagiza tena.

Kateni kipande cha sentimita 20 kwa 20 kutoka kila kitambaa. Kilowekeni nusu saa katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, kisha kikausheni na kukipima. Kikipungua sentimita 1, hiyo ni asilimia 5: fueni kitambaa chote. Rangi ikihamia kwenye cheupe, fueni hadi maji yatoke safi. Vitambaa vyote vikiwa vya aina moja na havichuji, shoneni bila kufua.

Kamati za sharika, tunaomba bajeti ya kila kikundi iwe na fungu la sabuni na maji. Ndoo mbili za maji ni nafuu kuliko blanketi lililokataliwa.